Darasa la Udereva kwa Video: Masharti Gani Yanawafaa Vijana wa Rungwe?

Ukitoka Uyole, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mbeya, lami inapanda hadi zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari pale Isongole, chini ya Mlima Rungwe. Kutoka hapo inateremka Kiwira, inapanda tena kuingia Tukuyu, kisha inaporomoka kuelekea Kyela na Ziwa Nyasa, ambako mwinuko haufiki mita 500. Ndani ya safari moja dereva anapita kwenye ukungu wa Ntokela, mvua ya Tukuyu na joto la Kyela. Anapishana na malori yanayokwenda mpaka wa Malawi pale Kasumulu, Coaster na Noah za abiria, Fuso zilizojaa viazi, bodaboda zilizobeba mikungu ya ndizi kulia na kushoto, na watoto wa shule wanaotembea pembezoni mwa lami kwa sababu njia ya miguu ni matope.

Hii ndiyo barabara ambayo kijana wa Wilaya ya Rungwe anajifunzia udereva. Wengi wao wanakuwa na simu janja mfukoni miaka mingi kabla ya kushika usukani, na wazo la kusoma nadharia ya udereva kwa video mubashara haliwashangazi: mwalimu yuko Tukuyu au Mbeya, mwanafunzi yuko kwao Mwakaleli, somo linaendelea. Faida ya wazo hilo ni ya kweli. Hatari yake pia ni ya kweli, nayo inategemea masharti: nani anafundisha, anamwonaje mwanafunzi, na saa zilizosomwa kwenye kioo cha simu zinahesabiwa kuwa nini.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ilitungwa mwaka 1973, na leo ni Sura ya 168 ya sheria za nchi. Imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, lakini kiini chake kuhusu mwanafunzi hakijabadilika. Anayetaka kuendesha gari lazima awe ametimiza miaka 18. Anachukua leseni ya kujifunzia, anaendesha akiwa na mtu mwenye leseni pembeni yake, na gari linabandikwa alama ya L ili wengine wamtambue. Shule ya udereva inamfundisha na kumpa cheti, askari wa usalama barabarani wanamtahini, na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ndiyo inayomtolea leseni. Tangu mwaka 2019 leseni hiyo inagharimu shilingi 70,000 na inadumu miaka 5. Anayetaka kuendesha gari la abiria anatakiwa kupanda ngazi nyingine: uzoefu wa kutosha katika daraja la chini, na cheti cha mafunzo kutoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, au Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, au chuo kingine kinachotambuliwa.

Kwenye karatasi utaratibu huo umenyooka. Kwa mtu wa Busokelo, huko huko wilayani Rungwe, una gharama ambayo haiandikwi popote. Kijana wa Lwangwa akitaka kuhudhuria somo la saa moja mjini Tukuyu analipa nauli ya kwenda na kurudi, anapoteza siku nzima ya kazi ya chai au parachichi, na msimu wa mvua hana uhakika kama atarudi nyumbani kabla ya giza. Kwa dereva wa abiria anayetaka kozi ya NIT umbali ni mkubwa zaidi: chuo kiko Mabibo, Dar es Salaam, karibu kilomita 900 kutoka Tukuyu. Matokeo yake yanajulikana. Wengine hujifunza kwa utingo, yaani kwa kukaa pembeni ya dereva mzoefu na kupokezwa usukani usiku barabara ikiwa tupu, na cheti hutafutwa baadaye. Jeshi la Polisi limewahi kuwaita madereva wa mabasi na malori kuhakiki leseni na vyeti vyao kwa sababu hiyo hiyo.

Ukiangalia hivyo, video mubashara inaweza kuwarudisha darasani watu ambao kwa sasa wanalikwepa.

Nchi nyingine zimeshalipitia jambo hili, na zililipitia kwa dharura. UVIKO-19 ulipofunga madarasa mwaka 2020, majimbo kadhaa ya Marekani yaliruhusu shule za udereva kufundisha kwa video. Jimbo la New York lina somo la lazima la saa 5 kabla ya mtu kukubaliwa kufanya mtihani wa barabarani, na somo hilo likahamia kwenye Zoom na programu zinazofanana nayo. Jimbo la Massachusetts linamtaka kijana aliye chini ya miaka 18 apate saa 30 za darasani, saa 12 za kuendesha na saa 6 za kukaa kwenye gari akimwangalia mwenzake anavyojifunza. Huko zile saa 30 za darasani ziliruhusiwa kwenda kwenye video, lakini saa za barabarani zilibaki barabarani. Ujerumani, ambako mwanafunzi wa leseni ya gari dogo huhudhuria vipindi 14 vya dakika 90 kila kimoja, ilikuwa imeshikilia kwamba lazima akae darasani mbele ya mwalimu. Wakati wa janga ikaruhusu vipindi vya mtandaoni kwa muda, na tangu hapo mjadala kuhusu sheria hiyo umeendelea hadi wizarani.

Masharti ya majimbo hayo ya Marekani wakati wa janga yalitofautiana katika mambo madogo na kufanana katika makubwa. Mwalimu alitakiwa awepo mubashara, akiuliza na kujibiwa. Kurekodi somo na kulituma hakukuhesabiwa kuwa darasa. Kamera ya mwanafunzi iliwashwa mwanzo hadi mwisho na uso wake ulionekana. Utambulisho wake ulihakikiwa kabla ya kuanza. Idadi ya wanafunzi ilikuwa na kikomo, ili mwalimu aweze kuwaona wote. Mahudhurio yaliandikwa na kuhifadhiwa, ili mkaguzi akija ayakute.

Tanzania nayo ina uzoefu wake wa kutenganisha nadharia na vitendo. Mwaka 2016 VETA na Airtel walizindua VSOMO, programu ya simu iliyomwezesha mtu kusoma nadharia ya fundi umeme au fundi wa aina nyingine akiwa nyumbani, kisha akaenda kwenye chuo cha VETA kufanya vitendo kabla ya kupewa cheti. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimefundisha kwa masafa kwa miaka zaidi ya 30 na kina kituo chake Mbeya. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020, vipindi vya redio na televisheni vilibeba masomo hadi zilipofunguliwa tena mwezi Juni. Kwa hiyo Mtanzania hahitaji kushawishiwa kwamba mtu anaweza kujifunza akiwa mbali na mwalimu. Kinachohitaji kufikiriwa ni somo lenyewe, kwa sababu mwanafunzi wa udereva akikosea, anayeumia mara nyingi ni mtu mwingine.

Sharti la kwanza linalofaa kuandikwa ni la utambulisho, na hapa Tanzania ina nyenzo nzuri. Kitambulisho cha Taifa cha NIDA kina picha na namba, na leseni ya kujifunzia inatolewa kwa jina hilo hilo. Mwanafunzi akijiunga na kipindi aonyeshe kitambulisho kwenye kamera, mwalimu alinganishe sura na picha, na arudie zoezi hilo katikati ya somo bila kutangaza wakati. Bila hatua hiyo, kaka atamsomea mdogo wake, na cheti kitakwenda kwa mtu ambaye hajui tofauti ya mstari unaokatika na usiokatika.

La pili ni usikivu. Mtu anaweza kuwasha kamera, akaweka simu juu ya meza na mawazo yake yakawa sokoni Kiwira. Mwalimu anayefundisha wanafunzi 15 atamgundua baada ya swali la pili. Anayefundisha 80 hatamgundua kamwe. Ndiyo maana kikomo cha idadi ni sharti lenye uzito kuliko linavyoonekana. Shule yenye tamaa ya ada itataka kujaza kioo kwa sura ndogondogo, na hapo ndipo msimamizi anatakiwa kuwa mkali. Wanafunzi 20 kwa mwalimu mmoja wanatosha, na kila mmoja aulizwe kwa jina angalau mara moja katika kila kipindi.

Sharti jingine huenda likaonekana halihitaji kuandikwa, lakini linahitaji: mwanafunzi asihudhurie somo akiwa anaendesha chombo chochote. Kijana wa bodaboda anayetaka leseni ya gari anaweza kabisa kuning'iniza simu kwenye usukani wa pikipiki, akasikiliza somo la usalama barabarani huku akimpeleka abiria Katumba. Mwalimu akiona mwanafunzi yuko kwenye mwendo amtoe darasani papo hapo, na kipindi hicho kisihesabiwe. Mwanafunzi aliyeketi kama abiria ndani ya daladala naye asihesabiwe, maana hasikii vizuri, haoni alama, na mtandao unamkatikia kwenye kila kona.

Mtandao wenyewe unastahili kuzungumzwa kwa uwazi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita njia hii hadi Kasumulu kuunganisha Malawi, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umekuwa ukigharimia minara vijijini. Tukuyu mjini, Kiwira na Katumba mtu anaweza kupata picha isiyoganda. Lakini Rungwe ni nchi ya mabonde. Mtu anasimama kilimani anapata mawasiliano mazuri, anashuka mita mia moja kuelekea mtoni simu inabaki bila kitu. Na pale mtandao ulipo, bando lina bei yake: saa moja ya somo la video la kundi hula karibu GB moja, na picha ikiwa ya ubora wa juu hupita hapo. Kozi ya nadharia ya saa 20 kwa mtindo huo inaweza kumgharimu mwanafunzi fedha ambayo ingelipa nauli yake yote ya kwenda darasani.

Kwa sababu hiyo, utaratibu wa mwanafunzi mmoja mmoja chumbani kwake, uliotungwa kwa miji ya Marekani, haupaswi kuhamishiwa Busokelo jinsi ulivyo. Njia inayofaa zaidi ni darasa la pamoja mahali pamoja: chumba cha shule ya sekondari au ukumbi wa ofisi ya kata, televisheni moja kubwa, muunganisho mmoja wa intaneti unaolipiwa na shule ya udereva, na msaidizi aliyesajiliwa anayekaa na wanafunzi. Mwalimu anafundisha kutoka Tukuyu au Mbeya. Msaidizi anahakiki vitambulisho, anajaza daftari la mahudhurio, anahakikisha hakuna anayetoka nje na kurudi mwishoni. Mtandao ukikatika kwa dakika kumi, somo linasimama na dakika hizo zinafidiwa. Ukikatika zaidi ya hapo, kipindi kinarudiwa siku nyingine. Mtindo huu unamsaidia hata mwenye simu ya kitochi, ambaye video ya mtu mmoja mmoja ingemwacha nje kabisa.

Na kuna jambo ambalo video inalifanya vizuri kuliko ubao wa darasani. Shule nyingi hufundisha alama za barabarani kwa chati iliyobandikwa ukutani: pembe tatu nyekundu, duara, mshale. Mwanafunzi anazikariri kwa mtihani. Mwalimu mwenye kamera anaweza kusafiri mara moja kutoka Uyole hadi Kyela akirekodi kupitia kioo cha mbele, kisha akaitumia picha hiyo darasani. Anaisimamisha kabla ya kona ya kuteremkia Kiwira na kuuliza: mbele kuna nini? Mmoja anasema lori. Mwingine anaona matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani, ishara ambayo kila mtu wa huku anaijua kwamba kuna gari limeharibika mbele. Wa tatu anamwona mama mwenye kikapu kichwani akikaribia kuvuka. Picha inaendelea, na wote wanaona nani aliona mapema na nani alichelewa. Uingereza iliingiza jaribio la kutambua hatari kwa video katika mtihani wake wa nadharia mwezi Novemba 2002. Rungwe inaweza kuwa na lake, lenye ukungu wake na bodaboda zake, kwa gharama ya simu moja na kishikizo cha kuifunga kwenye dashibodi.

Kujua sheria pia ni kazi ya kichwa inayofaa darasani, popote darasa lilipo. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Kilomita 80 kwa mabasi na malori makubwa. Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva wa kawaida, na sifuri kwa anayebeba abiria au mizigo ya biashara. Nani anaanza kwenye mzunguko. Nini cha kufanya ajali ikitokea, na nini cha kutofanya kwa majeruhi wa shingo. Haya yote yanafundishika kwa video bila kupungukiwa.

Kisha unafika mpaka ambao video haiuvuki. Mwanafunzi amesimamisha gari katikati ya mlima wa kutoka Kiwira kuja Tukuyu kwa sababu lori mbele limesimama. Nyuma yake, mita mbili, kuna Noah iliyojaa. Anatakiwa kuondoka bila kurudi nyuma. Breki ya mkono iko juu. Anaachia klachi polepole hadi inaposhika. Pua ya gari inainuka kidogo, mlio wa injini unashuka, mtetemo unakuja miguuni. Hapo ndipo anashusha breki ya mkono na kuongeza mafuta. Akiiachia klachi haraka, gari linazimika. Akichelewa, gari linarudi nyuma. Mwalimu anaweza kuyaeleza hayo kwenye kamera mara kumi, lakini ule mtetemo unajulikana na mguu, na mwanafunzi lazima ausikie mwenyewe akiwa na mtu pembeni mwenye breki yake ya ziada.

Kuteremka ni kugumu zaidi, kwa sababu kunaonekana rahisi. Gari lenye mzigo likishuka mteremko mrefu kwa gia kubwa, dereva anabaki na breki peke yake. Breki zinapata moto, vitambaa vinapoteza mshiko, na kwenye magari madogo majimaji ya breki yanaweza kuchemka hadi kanyagio linazama bila kitu. Dawa yake ni kushusha gia kabla ya mteremko kuanza, ili injini ishike mwendo. Mkoa wa Mbeya umelipa gharama kubwa kwa somo hili. Mwezi Juni 2025, lori lilifeli breki kwenye mteremko na kuyagonga magari mengine; watu 28 walipoteza maisha. Hakuna anayeweza kudai kwamba darasa lolote lingeizuia ajali ile. Ila kila mwalimu wa udereva wa mkoa huu anajua kwamba mwanafunzi wake, siku moja, atakuwa juu ya mlima kama ule akiwa na watu nyuma yake.

Ndiyo maana sharti muhimu kuliko yote ni hili: saa za video zisipunguze hata dakika moja ya saa za barabarani. Shule ikihamishia nadharia kwenye simu na kuokoa kodi ya chumba, akiba hiyo iende kwenye mafuta ya gari la mafunzo. Na kwa Rungwe, saa hizo za barabarani ziandikwe ni za wapi. Kuzunguka uwanja tambarare si sawa na kupanda Isongole kwenye ukungu. Kitabu cha mwanafunzi kingeonyesha mteremko aliouendesha, tarehe, hali ya hewa, na sahihi ya mwalimu. Mtihani wa nadharia nao ufanyike ana kwa ana mbele ya askari, kama kawaida, hata kama somo lilitolewa kwa video. Hapo ndipo itakapojulikana aliyesoma kweli.

Kuna suala la kumbukumbu. Shule ikirekodi somo, inabaki na sura za wanafunzi, sauti zao, vitambulisho vyao, na vyumba vyao vya ndani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo awe na sababu halali, amweleze mhusika, na azilinde. Picha ya kitambulisho cha NIDA isiachwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kinachohitajika kuhifadhiwa kwa ajili ya mkaguzi ni daftari la mahudhurio. Sura ya binti aliyekaa jikoni kwao akisikiliza somo haihitajiki.

Wenye mamlaka ya kuliweka sawa jambo hili wapo: Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani, wizara zenye dhamana ya mambo ya ndani na uchukuzi, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, kwa madereva wa vyombo vya biashara, VETA na NIT kwa mitaala. Ni vema wakaandika masharti ya video mapema, wakati shule bado zinaweza kuyapanga vizuri, kuliko kusubiri kila shule ijitungie ya kwake kisha polisi waanze kuhakiki vyeti upya.

Kwa kijana wa Rungwe au mzazi anayetaka kulipa ada leo, maswali ya kumuuliza mwenye shule ni machache. Shule imesajiliwa wapi, na cheti cha usajili kiko ukutani? Somo la video lina mwalimu anayeonekana na kujibu, au ni picha iliyorekodiwa? Wanafunzi ni wangapi kwa kipindi? Saa za gari ni ngapi, na zitafanyika kwenye barabara ipi? Gari la mafunzo lina breki upande wa mwalimu? Shule inayokwepa swali moja kati ya hayo isipewe ada yako.